Mgeni wa Bamvua

Clermont-Ferrand, 12 Machi 1987

Mjomba wangu Servan,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Aubin mzima, na yule paka uliyesema hatamaliza mwezi wa pili bado anakula kutuzidi sote.

Nina jambo, naomba ulisome umekaa. Karakana moja ya kuunda mashua hapo Saint-Malo imemwita Aubin kazini. Wanataka jibu kabla ya Pasaka. Jibu likiwa ndiyo, tunafunga ndoa hapo na tunahamia hapo. Yaani narudi nyumbani, Mjomba. Tangu mama afariki ukanilea juu ya ile ngazi yako inayonuka samaki, sijaacha kuota kurudi.

Kikwazo ni mama yake. Bi Huguette Chassaing alikuwa mkuu wa stesheni ya treni kule Issoire, sasa amestaafu. Aubin ndiye mwanawe pekee. Hajakataa, amesema tu, "Kwanza niuone huo mji." Na Aubin ameniambia wazi kwamba mama yake akirudi ameukunja uso, yeye haendi popote. Namwelewa. Ndiyo maana nampenda.

Anakuja peke yake Ijumaa ya tarehe 27. Sisi hatupati ruhusa kazini mpaka wiki inayofuata. Kwa hiyo yuko mikononi mwako. Niandikie utamfanyia nini, nimwonyeshe ajiandae. Mambo ya nchi kavu, Mjomba, ya utulivu. Makanisa, makumbusho, maduka. Na nakuomba sana, ile hadithi ya Valparaiso usiitoe.

Mpwa wako anayekupenda,
Nolwenn


Saint-Malo, 16 Machi 1987

Nolwenn mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa. Kisha nikasimama. Kisha nikashuka chini nikamsomea Anaïg wa duka la mkate, naye akawasomea wateja, na sasa mji mzima ndani ya kuta unajua kwamba unarudi. Kwa hiyo hilo limekwisha, huwezi tena kubadili mawazo.

Kuhusu mama mkwe wako, lala usingizi. Unamwandikia nani? Unamwandikia Servan Kerbrat, mpishi wa meli aliyepika supu ya vitunguu Rasi ya Horn huku sufuria imefungwa kamba kama mbuzi! Nimewatembeza mji huu mabaharia wa Kigiriki, watawa wa Kibelgiji na kinyozi mmoja wa Oran, na wote waliondoka wanalia. Mkuu wa stesheni atanishinda nini?

Mwambie avae viatu vizuri, kwa maana siku ya kwanza nampandisha juu ya ngome tuuzunguke mji wote. Nitamwonyesha nyumba za maharamia wetu wa zamani, wale waliokuwa na kibali cha mfalme cha kuiba, na namna mji ulivyoungua vitani ukainuliwa tena jiwe juu ya jiwe. Hapo njaa itakuwa imempata. Tutashuka kula chapati za ngano nyeusi zenye soseji ndani, na pombe ya tufaha kwenye vikombe, maana anayeinywa kwenye glasi ni mtalii. Siku nyingine tutakwenda Cancale kula chaza kwenye ukuta wa bandari na kutupa magamba chini ufukweni, jambo ambalo kwao milimani angefungwa. Kanisani nitampeleka, usijali, nitavua kofia. Na keki ya siagi ya Anaïg kila jioni, mpaka sketi imbane.

Ila hayo yote ni maneno ya kuanzia tu. Umesema nchi kavu? Nitampa nchi kavu ambayo hajaiona tangu azaliwe! Tarehe zile ni za bamvua, maji ya kujaa na kupwa makubwa kuliko yote ya mwaka. Maji yakitoka, yanatoka kama yamefukuzwa. Nitamvusha kwa miguu mpaka kisiwa cha Grand Bé, viatu vikavu, na huko juu, kwenye lile kaburi la mwandishi wetu lisilo na jina, nitamwonyesha mji wetu kwa mbali na kumwambia, "Bi mkubwa, hapa ndipo wajukuu zako watakapokulia." Nani atakunja uso hapo?

Ya Valparaiso sitaisimulia. Labda ile nusu ya kwanza.

Mjomba wako,
Servan


Saint-Malo, 28 Machi 1987

Nolwenn mwanangu,

Amefika! Treni ilichelewa kidogo. Ameshuka na sanduku lake, mrefu, koti la kijivu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakunitazama mimi wala maua yangu. Alitazama saa ya ukutani, akatoa yake ya mfukoni, akamwambia kijana wa stesheni, "Mwanangu, hii saa yenu iko nyuma." Yule kijana akasimama wima. Nikajua huyu ni mtu.

Leo nimempandisha ngomeni. Upepo mzuri, mawimbi meupe, kama nimevilipia. Ajabu moja: alitembea upande wa ndani, upande wa mabomba ya moshi, mkono kwenye ukuta, anatazama madirisha ya watu. Nikamwambia, "Bi Huguette, bahari iko upande huu." Akasema, "Najua iliko."

Mchana, Cancale. Akamshika chaza, akamgeuza. "Huyu yuko hai?"

"Yuko hai, bi mkubwa, ndio utamu wenyewe."

"Basi muombe radhi kwanza."

Nikamuomba radhi chaza, mbele za watu! Mimi Servan! Yeye akala sahani nzima, lakini bahari kaipa mgongo kama mtu aliyegombana naye. Nimeshagundua ugonjwa wake, mwanangu. Ni haya. Watu wa milimani wanaionea bahari haya, kama bwana harusi mbele ya mama mkwe. Dawa yake ni kumsogeza taratibu.

Jioni tulipita pale Sillon, barabara ya ufukweni, tukawaona wenye mikahawa wanapigilia mbao madirishani. Akauliza za nini. Nikamweleza vizuri kabisa: "Bamvua hilo! Usiku maji yanapiga ukuta, yanaruka juu ya paa, yanaingia mpaka kwenye supu za watu!" Tulipofika nyumbani alihesabu ngazi zangu zote, mara mbili. Nadhani kavutiwa.

Jumatatu ndiyo siku ya Grand Bé. Sijamwambia, nataka ashangae. Na usiwe na wasiwasi kuhusu maji. Usiku huu saa za nchi nzima zinasogezwa mbele kwa saa moja, kuingia majira ya joto, na hapo ndipo wageni huumbuka kila mwaka. Karatasi za kujaa na kupwa huchapwa kwa saa ya majira ya baridi. Kuanzia kesho inabidi uongeze saa moja kwa kichwa chako. Wageni husahau kuongeza. Mimi sijawahi kusahau hata siku moja.

Mjomba wako mwenye mgeni,
Servan


Clermont-Ferrand, 28 Machi 1987

Mjomba,

Naandika haraka, niiwahi posta kabla haijafungwa. Aubin ameisoma barua yako ya kwanza jana jioni tu, nilikuwa nimeisahau kwenye mkoba. Amefika pale pa Grand Bé, akaiweka mezani, uso umemwisha damu.

Kuna jambo nilikuficha, kwa sababu Bi Huguette hapendi kuhurumiwa. Mumewe, Marcellin, alikuwa mlinzi wa njia ya reli. Mwaka ule mto Allier ulipofurika, alitoka na taa kwenda kuangalia daraja. Maji yakaja bila taarifa yakamchukua. Aubin alikuwa bado mdogo. Tangu siku hiyo mama yake hakai penye maji. Huwa anasema treni ikija hupiga honi, lakini mto haukupiga honi. Na sasa mwanawe pekee anataka kwenda kuunda mashua na kuzijaribu baharini.

Ndiyo maana nilikuomba nchi kavu. Nilipaswa kukwambia kwa nini. Tafadhali, Mjomba, usimshushe hata mchangani. Mpeleke kanisani. Mpeleke kanisani tena. Mwache apike nawe jikoni. Ila mbali na maji.

Nolwenn


Saint-Malo, 31 Machi 1987

Nolwenn mwanangu,

Tumerudi, tuko wazima. Naanza na hilo ili moyo wako ukae mahali pake.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisomea mlangoni, nikakaa hapo hapo kwenye ngazi. Anaïg amekuja kuniuliza kama ni moyo. Nikamwambia ni moyo, ndiyo, lakini si wa kupeleka hospitali.

Maana Grand Bé tulikwenda jana.

Alishuka mchangani akiwa ameushika mkono wa koti langu, nami nikadhani ni upepo. Tulipita kwenye ile njia ya mawe, mwani huku na huku, nikamsimulia Valparaiso yote, nusu zote mbili. Tukapanda mpaka kaburini. Nikasema maneno yangu ya wajukuu. Akatazama mji kwa muda mrefu, mpaka nikajisifu moyoni. Kisha akasema, "Bwana Servan, maji yanarudi."

Nikacheka. Nikasema, "Bi mkubwa, huo ni mwanga tu. Tuna saa nzima mkononi."

Baadaye akasema tena, "Bwana Servan. Njia haipo."

Nikageuka. Mwanangu, mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka ufuko wa Bon-Secours! Njia haikuwepo. Tumekwama kama watalii wa Paris. Na kule ngomeni watu wameshajipanga na mifuko yao ya karanga kutazama, na Loïc wa boti ya uokoaji ameshika bomba la kupazia sauti, anapiga kelele mji mzima usikie: "Servaaan! Leo umeongeza ngapi?"

Hayo ningeyabeba. Lakini nilimtazama mama mkwe wako. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye jiwe, mikono yote miwili imeshika mfuko wake, na midomo haina rangi. Sikujua kwa nini. Sasa najua. Nilimvika koti langu nikakaa upande wa upepo, sikusema mzaha mwingine. Yaliyofuata siyaandiki. Nikiyaandika nitajipendelea.

Leo hajatoka chumbani. Amegonga mara mbili tu. Kwanza aliomba karatasi na wino. Mara ya pili aliomba ratiba ya treni.

Basi, mwanangu, anaondoka. Mwambie Aubin ni mimi, si mji, wala si bahari. Na kama shida ni kuishi jirani na mjinga kama mimi, niko tayari kuhamia kwa binamu yangu Cancale, nyumba hii mkaichukua nyinyi. Nitakuja Jumapili tu, nikialikwa.

Nisamehe.
Servan


Saint-Malo, 31 Machi 1987

Wanangu Aubin na Nolwenn,

Najua Bwana Servan amekwisha kuandika, kwa sababu nimemsikia akipenga kamasi mezani. Usiamini zaidi ya nusu, Nolwenn. Mtu huyu akijisifu anazidisha, na akijilaumu anazidisha vile vile.

Nawaelezeni kama ripoti, ndivyo nilivyozoea.

Jana niliteremka ufukweni kwa hiari yangu. Tangu nifike nilikuwa nimeipa bahari mgongo, na mtu hawezi kuamua juu ya kitu alichokipa mgongo. Nilikwenda nikiwa na hofu. Maji yalipofunika njia, nikaketi chini. Nilifikiri, haya basi, ni yale yale. Yamekuja bila taarifa. Aubin, niliona ile taa ya baba yako.

Bwana Servan alinivika koti lake. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na amenyamaza, jambo lililonitisha zaidi ya mawimbi. Ili azungumze chochote, nikamuuliza, "Haya maji yalitakiwa kuja saa ngapi?" Akatoa mfukoni karatasi ya kujaa na kupwa aliyoichomoa kwenye ukuta wa duka la mkate. Akanieleza hesabu yake, kwamba mtu mwenye akili anaongeza saa moja.

Nikaisoma. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwenye duka ameandika: "Kuanzia Jumapili, saa imeshaongezwa."

Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Bwana Servan, mwenzako aliongeza, na wewe ukaongeza juu yake."

Akasema, "Mimi sisomagi chini."

Wanangu, nilicheka. Pale juu ya jiwe, katikati ya maji, nilicheka mpaka kofia ikaanguka, naye akanitazama akidhani nimerukwa na akili. Halafu nikatoa saa yangu, nikalinganisha na karatasi. Bahari ilikuwa imefika kwa wakati wake. Siyo karibu na wakati wake. Kwa wakati wake! Maisha yangu yote nimezipokea treni, na nazijua chache sana zilizoingia hivyo.

Wakaja watu wa boti ya uokoaji kutuchukua. Niliwashukuru, nikakataa. Yule Loïc akasema, "Mama, hapa mtakaa mpaka giza." Nikamjibu kwamba karatasi inasema maji yataiachia njia, na mimi nataka kuona kama yatatimiza. Bwana Servan akasema kama mimi sipandi, yeye pia hapandi, ingawa meno yalikuwa yanagongana. Tuligawana mkate wangu. Taa za mji zikawaka. Nilikaa na saa mkononi kama nilivyokuwa nikikaa jukwaani kwangu.

Likatoka jiwe la kwanza. Kisha la pili. Njia ikarudi, inameta, na sisi tukapita juu yake kwa miguu.

Aubin, nimeichukia bahari hii miaka mingi kabla hata sijaiona, kwa kosa la mto. Mto ule haukupiga honi. Bahari hii inatoa taarifa, imeiandika na kuibandika kwenye duka la mkate mwaka mzima mbele. Aliyekosea jana ni binadamu. Binadamu nimewazoea, nimefanya nao kazi. Jana nililala usingizi ambao sijaulala tangu baba yako atoke na taa yake.

Ijibu ile karakana. Jibu ndiyo. Masharti yangu ni kwamba utaisoma karatasi mwenyewe, mpaka chini, na hutamuuliza mjomba.

Nimeomba ratiba ya treni, nijue namna nzuri ya kuja hapa mara kwa mara. Nitawangojea Jumamosi jukwaani. Msichelewe.

Mama yenu,
Huguette Chassaing


Clermont-Ferrand, 2 Aprili 1987

Mjomba,

Barua zenu mbili zimeletwa na posta pamoja. Nilifungua yako kwanza, Aubin akanikuta nimekaa sakafuni na paka. Kisha tukafungua ya mama yake. Mjomba, tumelia tena, lakini kilio hicho kilikuwa kitamu kama keki ya Anaïg. Aubin ametoka mbio kuipeleka barua ya karakana, amesahau kuvaa viatu, amevaa ndala zangu.

Usihame popote. Unasikia? Nani atanyunyizia nyumba yetu harufu ya samaki?

Na barua yangu ile iliyochelewa, naishukuru posta kwa kuichelewesha. Ingewahi, ungempeleka kanisani.

Nolwenn


Saint-Malo, 10 Septemba 1987

Kwa Bi Huguette Chassaing, Issoire

Bi mkubwa,

Pokea salamu kutoka kwa watu wanaokungojea. Watoto wamekwisha kupaka rangi chumba chako. Aubin ameshusha mashua yake ya kwanza majini wiki jana, na kabla ya kuishusha alisoma karatasi kwa sauti, mpaka chini, mbele ya mabosi wake, wakadhani ni sala ya kwenu milimani. Nolwenn anakula ndimu na sardini asubuhi, tena kwa pamoja. Sisemi kitu. Mimi ni mwanamume, sijui mambo hayo. Lakini Anaïg ameanza kufuma soksi ndogo.

Mjini hapa sijapona. Watu wazima, wenye nyumba zao, wakinipita njiani wananiuliza saa ngapi, kisha wanauliza, "Pamoja na yako?" Hata padri! Nami nawajibu kwamba niko mimi peke yangu katika Bretagne nzima niliyekaa juu ya Grand Bé bamvua zima na mkuu wa stesheni, na kwamba tuliikataa boti ya uokoaji. Siku hizi nasema niliikataa mimi kwanza. Ukifika, tafadhali usinisahihishe mbele ya Loïc.

Sasa kazi. Bamvua la Septemba linakuja wiki ile uliyosema. Nimekwenda mwenyewe dukani, nimevaa miwani, nimesoma karatasi toka juu hadi wino mwekundu wa chini. Nimekunakilia kila kitu kwenye ukurasa wa pili. Njia inafunguka mchana, tutapanda na chupa ya chai na blanketi, tutakaa pale pale, safari hii kwa kupenda. Maji yakija, yatatukuta tumejitayarisha kama wageni wa harusi.

Hapo sijaongeza kitu, naapa kwa Mtakatifu Malo. Hata dakika.

Ila siagi kwenye keki, hiyo nimeongeza.

Wako mtiifu, jukwaani tangu mapema,
Servan Kerbrat